Chiriku na Wimbo wa Kinu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Na kinu, na mchi, na ndege asiyenyamaza!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na chemchemi moja tu, na Mfalme Kiboko alioga humo kutwa. Watoto walikunywa tope, wakaumwa matumbo.

Chiriku alikuwa mtunzi wa nyimbo za kutwangia. Kima, Ngedere na Nyani walipotwanga mtama wa mfalme katika kinu kimoja, yeye aliwaimbia, na michi ikapishana kwa kufuata wimbo:

*Mfalme wetu mkubwa,*
*chemchemi yetu ndogo;*
*akioga bwana,*
*twanywa tope.*

Fisi, mjumbe wa mfalme, akakimbia kumwambia, "Bwana, Chiriku anakuimba kwamba umenenepa!"

Mfalme akampelekea Chiriku kapu la ulezi. "Aimbe habari za mwezi." Chiriku akala, akashukuru, akaimba yale yale.

Mfalme akamtuma Chui. "Nitakunyonyoa!" Chui akanguruma. Chiriku akarukia tawi la juu, akaimba yale yale.

Mara ya tatu akatiwa tunduni.

Kinu kikakosa wimbo. Michi ikagongana, ko!

"We Ngedere, kidole changu!"

"Kidole chako kilifuata nini kwenye mchi wangu?"

Mtama ukamwagika. Mfalme akakosa ugali. Akaja mwenyewe, akajaribu kuimba. Aliimba polepole mno hata Nyani akasinzia, mchi ungali juu.

"Mfungueni," akasema mfalme. "Mama Chiriku, imba."

"Nina ule ule, bwana."

"Imba tu. Njaa haichagui."

Unga ukapatikana, ugali ukasongwa. Tonge likamkaba mfalme, akaomba maji. Wakamletea ya chemchemi. Akayatema, puu!

"Nani katia tope?"

Fisi akatazama miguu yake. Chiriku akaanza taratibu, *Mfalme wetu mkubwa*, na safari hii mfalme akasikiliza hadi mwisho.

"Kumbe si unene wangu," akasema. "Ni maji."

Kesho yake akahamia mtoni. Matumbo ya watoto yakapona.

Msimu uliofuata, mfalme aliwahi kinuni kabla ya watwangaji. "Haya, Mama Chiriku, mwaka huu nimekosa nini?"

Wanangu, mfalme yule hakuwa mbaya. Alikuwa akipelekewa maneno, hapelekewi wimbo. Anayekuimbia kosa lako hadharani hajakuchukia. Bado anatumaini utabadilika.

Hadithi yangu imeishia kinuni: aliyeipenda aitwange tena, asiyeipenda aipepete.