Beti Kutoka Bonde la Mti wa Sumu

Paukwa!
—Pakawa!
Mbona sauti zenu za njaa? Paukwa!
—Pakawaaa!
Haya, sasa mmekula. Pakawa mji, na mji una mfalme, na mfalme ana ndevu chache, chache mno, na ole wako uzitazame.

Katika mji huo aliishi Mize, mke wa malenga Faki. Siku moja Faki akatunga utenzi wa kumsifu mfalme. Akasifu farasi, akasifu kilemba, akasifu hata mto wa kuegemea. Mfalme akauliza, "Na ndevu?" Faki akatazama. Akatafuta la kusema. Akasifu kilemba tena.

"Mpelekeni mtini!"

Mnaujua mti huo? Mti wa sumu, kule bondeni. Wanasema ndege akipita juu yake, huanguka. Mtu akiingia kivulini, harudi. Wanazuoni watatu waliuandikia vitabu. Wa kwanza alisema mti ni dhambi. Wa pili, mti ni wivu. Wa tatu, mti ni dunia yenyewe. Je, walikwenda kuuona? Thubutu! Hata askari huishia juu kilimani, pua zimefungwa vitambaa. Humsukuma mtu bondeni, husubiri ukelele, kisha hutimua mbio.

Safari hii hawakusikia ukelele. Walisikia beti, zikirudiwa na kurudiwa mpaka wakazishika, wakazileta mjini:

Jani likigusa mwili,
Nyama hutoka kamili,
Harufu yake ni kali,
Msikaribie chini.

Tamati nimeitia,
Roho inaniishia,
Faki nimewatungia,
Buriani wa nyumbani.

Mji ukalia. Wanazuoni wakagombania jani: ni jani kweli, au ni ulimi wa msengenyaji? Jirani akamletea Mize nguo za eda. "Pole, shoga yangu. Vaa."

Mize alilia mpaka sauti ikamkauka. Alimpenda yule mwanamume, jamani. Lakini ubeti wa mwisho ukamganda kichwani. Akauimba polepole, akihesabu kwa vidole. Mizani nane. Mizani nane. Mizani nane tena! Vina vimekaa sawa, na jina ameliweka kwenye tamati kama desturi ya watunzi.

Akafuta machozi. Akajisemea, "Ni Faki huyu huyu? Akiumwa na jino tu hapati hata kina kimoja, na mimi silali. Leo nyama inamtoka, roho inamwisha, naye anapanga vina?"

Akazikunja nguo za eda. "Ahsante, shoga. Nitavaa kesho."

Akaenda moja kwa moja kwa mfalme. "Mfalme wangu, mume wangu alizisahau ndevu zako. Mimi nimekuja kuzisifu. Nimeziona zote, hata kuzitafuta sikuchoka. Na ile ndefu pale, nadhani ni ya paka."

Mfalme akashika kidevu.

"Mtini!"

Mize akapita nyumbani, akachukua mkeka, sufuria na mbuzi ya kukunia nazi. Askari akashangaa. "Mama, mtu anakwenda kufa na mbuzi?"

"Nimeizoea, mwanangu."

Kilimani wakafunga pua, wakamsukuma. Mize akateremka. Itakuwaje kama amekosea? Akaona moshi wa jiko. Akasikia kuku. Na chini ya mti mkubwa wenye kivuli kizuri wamekaa watu, wote waliowahi kuhukumiwa, wanachambua kunde. Katikati yao Faki, amenenepa!

"Mize! Nilijua utazihesabu mizani."

"Na huyo mfalme, hajui haya?"

"Akijua mti hauui, atatumia upanga. Acha aogope. Lakini hebu piga ukelele kwanza, mke wangu, wale kule juu wanasubiri."

Mize akapiga ukelele. Akautoa wote, wa kilio na wa furaha, mpaka kuku wakatawanyika. Kilimani askari wakakimbia bila kuangalia nyuma. Mjini wanazuoni wakachonga kalamu zao upya.

Nayo mbuzi ikaanza kukuna nazi.

Hadithi yangu imeishia jikoni. Iliyokolea, nendeni nayo kwenu. Iliyopwaya, niachieni niitie chumvi.