Somo wa Binti wa Mwanahawa

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, ni zamani ya juzijuzi tu, mafuriko yaliingia wodi ya wazazi. Wauguzi wakakumbatia vichanga, wakakimbia navyo mlimani. Vile vitambaa vya majina mikononi mwa watoto vikaenda na maji.

Mwanahawa akapewa mtoto wa kike. Jirani yake wa kitanda, jina lake Mgeni, naye akapewa wa kike. Baada ya siku chache Mwanahawa akasema, "Jamani, huyu si wangu." Watu wakamcheka. Mgeni hakucheka. Akasema, "Basi dada, tupimwe sote."

Maabarani wakachukuliwa mate, wao na watoto. Kule nyuzi za vinasaba huvutwa kwa umeme zipite kwenye ute, aina ya uji mzito unaokorogwa kwa unga maalumu, fupi zitangulie, ndefu zibaki nyuma. Ukizilinganisha, unamjua mama. Lakini ute ulikuwa umekwisha. Wakajaribu maji matupu. Wapi! Fupi na ndefu zikafika pamoja.

Chausiku, mpimaji, akasema, "Tutie ute kidogo tu, uwe mwepesi kama bamia iliyozidi maji. Uzi mrefu utanasa, utaukokota ute, utachelewa. Mfupi utapenya."

"Na huo kidogo utoke wapi?" akauliza Mwanahawa.

Sikudhani, mpimaji mwenzake, akalitazama kabati. Kabatini alikuwa na unga kiduchu wa kutengenezea ute, ameutunzia utafiti wa shahada yake. Akiutoa, masomo yanarudi nyuma mwaka mzima. Akautoa wote.

Nyuzi zikatengana. Kweli, watoto walikuwa wamebadilishwa! Mgeni akamnyonyesha mara ya mwisho yule aliyekuwa naye, akalia sana, kisha akamkabidhi kwa mikono yake.

Mwanahawa akasema, "Aliyenirudishia mwanangu ndiye atakuwa somo wake. Nitampa mtoto jina lake."

"Basi ni mimi," akasema Chausiku. "Bila wazo langu, unga ungekaa kabatini mpaka uote ukungu."

"Wee! Wazo bila unga ni maneno tu," akasema Sikudhani. "Mimi nimetoa mwaka wangu."

Wakamgeukia Mgeni.

"Mimi sidai kitu," akasema. "Ila ningekataa kupimwa, angekuwa bado kifuani kwangu. Na nilikuwa nimeshampenda."

Mtoto ni mmoja, jina ni moja. Haya, nyie hodari wa kuamua mambo ya watu: Mwanahawa amwite nani binti yake?