Ubao wa Mnada wa Issuna

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Maana yake ni fupi: ukijiumiza kwa mkono wako, usingoje watu wakulilie.

Enzi za Mwingereza, mtemi alitaka ubao wa Kiingereza kwenye mnada wa ng'ombe pale Issuna. Kazi akampa Melkizedeki, kijana mwenye mwandiko mzuri kama ushanga uliotungwa. "Ubao ukimpendeza Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, ukarani wa mnada ni wako," alimwambia.

Alute, aliyesoma naye darasa moja, aliposikia akashikwa na wivu. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kwa Kiingereza, Melkizedeki akishika mkia. Kibaya zaidi, mama mzazi wa Alute akasema, "Mkono wa mtoto yule umenyooka." Alute akasusa ugali.

Kesho yake Melkizedeki alimfuata, kopo la rangi mkononi. "Ndugu yangu, Kiingereza unakijua kuliko mimi. Ng'ombe ni cattle, mnada ni market. Kipi kinatangulia?"

Alute alijua fika kwamba ni Cattle Market. Akajikuna shingo. "Sisi tunasemaje? Si mnada wa ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Basi mnada mbele. Andika Market Cattle."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," Melkizedeki akasema. Alute akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya mnada Bwana Shauri alisimama mbele ya ubao, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Hapa mmeandika ng'ombe wa mnada. Mnada wenyewe uko wapi? Lakini herufi ni nzuri sana. Nani kaandika?"

Mtemi akainama kusoma maneno madogo ya chini: Rangi, Melkizedeki. Maneno, Alute.

"Sikutaka kula sifa peke yangu," Melkizedeki akasema. "Alute ndiye aliyenifundisha."

Watu wakageuka. Alute akajibanza nyuma ya dume la ng'ombe. Dume likasogea.

Melkizedeki akarekebisha ubao, akapata ukarani. Alute akapata jina: hata wachunga ndama walimwita Maketi Kato.

Jioni akamkuta mama yake anasaga uwele. "Shikamoo mama. Mnada mzima umenicheka. Hata pole huniambii?"

Mama hakuinua kichwa. "Kiingereza ulichokuwa unaongoza darasani, leo kimekupotea?"

Alute akajikuna shingo.

"Nilijua. Kaa nao, mwanangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."