Bi Pimbi na Ada ya Moshi

— Mliokaa mbali, mnanisikia?
— Tunakusikia, hata waliokupa kisogo.
— Jikoni kwenu kuna nini?
— Kuna jivu tu.
— Basi sogeeni, tulichokore jivu hilo tuone limeficha nini.
— Chokora, nasi tunatazama.

Ilikuwa siku ya Jumanne, tarehe 3 Oktoba, saa nne na robo asubuhi. Mwaka siutaji, kwa sababu wanyama wa Kilima cha Majabali walihesabu siku tu na hawakuona haja ya kuhesabu miaka. Siku zenyewe alizihesabu Kobe, aliyechora mstari mmoja kila asubuhi juu ya jiwe lake, na katika maisha yake yote hakupata kuruka hata mstari mmoja.

Asubuhi hiyo Bi Pimbi alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, akipuliza moto: fuu, fuu, fuu. Chunguni mlikuwa na njugu mawe. Aliyepata kupika njugu mawe anajua kwamba jina hilo hazikupewa kwa mzaha. Zaweza kuchemka tangu asubuhi hadi adhuhuri, na bado zikamgonga mlaji jino. Mtungi wa njugu ulikuwa umebaki nusu, na mvua za vuli zilikuwa mbali mwezi mzima. Nusu mtungi ingewafikisha watoto wake watatu kwenye mvua, kama ingekuwa yao peke yao. Lakini haikuwa yao peke yao.

Msitu wote wa chini ya kilima ulikuwa mikononi mwa Ngiri. Hakuupanda wala hakuumwagilia maji. Aliukuta, akaota meno marefu, akatangaza kuwa ni wake. Kila aliyetaka kuni aliruhusiwa kuokota, ila alitakiwa kutoa ada ya moshi. Ngiri alikaa juu ya kichuguu akitazama moshi wa kila nyumba. Moshi ulipopanda, alitulia. Moshi ulipokoma, alijua chakula kimeiva. Hapo alishuka, kwata, kwata, kwata, bakuli la mbao likiwa mdomoni, akachukua nusu ya chungu na kwenda zake. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu meno yake yalikuwa yamekwisha kujibu.

Basi Jumanne ile kuni zilimwishia Bi Pimbi mapema. Njugu zilikuwa zimechemka kwa muda mfupi tu, bwata, bwata, bwata, na ndani zilikuwa bado mawe. Moshi ukakatika. Mara akasikia kwata, kwata, kwata. Hakupata nafasi ya kuwaza. Alikifunika chungu, akakididimiza katika kapu la nyasi kavu walimolala wanawe, akakifukia kwa nyasi na kutupia kipande cha mkeka juu yake.

"Moshi umekoma, mpwa wangu," akasema Ngiri. "Kiko wapi?"

"Kuni zimeniishia, mjomba. Njugu hazijaiva, nimeziondoa."

Ngiri alinusa mafiga, figa moja baada ya jingine. Vibichi hakuvitaka, kwa kuwa aliliheshimu sana tumbo lake. Akaahidi kurudi kesho, akapanda kichuguuni.

Bi Pimbi akatoka kutafuta kuni. Alizunguka majabali yote, akarudi saa tisa alasiri na vijiti viwili. Alimkuta kitindamimba wake amelikumbatia kapu, shavu juu ya mkeka.

"Mama," akasema mtoto, "kapu lina homa."

Bi Pimbi akafukua nyasi, akafunua chungu. Mvuke ukamfuka usoni. Akachukua njugu moja, akaibonyeza kwa vidole viwili, nayo ikapondeka kama ndizi mbivu. Akatazama mafiga: jivu baridi. Akatazama mlango: hakuna aliyeingia. Watoto wakala nusu ya Ngiri pamoja na nusu yao, wakalamba chungu. Lakini mama yao alibaki amesimama, akilitazama kapu kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaja jina lake.

Nani aliyepika?

Jumatano, tarehe 4, akajaribu tena vilevile, na njugu zikaiva. Alhamisi, tarehe 5, akaweka chungu kapuni bila mfuniko. Alasiri akakuta maji ya uvuguvugu na mawe yaleyale. Ijumaa, tarehe 6, akajaza nyasi mbichi. Njugu zikawa ngumu, tena zikanuka malisho. Jumamosi, tarehe 7, akapika njugu alizoziloweka tangu jana yake, akafunika vizuri, akashindilia nyasi kavu pande zote. Zikaiva kabla Kobe hajamaliza safari yake ya kutoka juani kwenda kivulini. Hapo ndipo alipoelewa kwamba joto lina tabia ya kuondoka pasipo kuaga, na kwamba likifungiwa njia hubaki na kufanya kazi. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku moja sasa ulifika siku ya tano. Na kila siku Ngiri aliposhuka, alikuta jivu, akaelezwa kwamba kuni zimeisha, akarudi na bakuli tupu.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, Ngiri akiwa kichuguuni aliwaona watoto wa Pimbi wakiserereka kwenye jabali. Matumbo yao yalikuwa yamekaza kama ngoma. Akashuka bila kungoja moshi ukome.

"Mpwa wangu, moshi wako ni mfupi kuliko mkia wangu, na wanao wananenepa. Wanakula nini?"

"Chakula kinachojipika, mjomba."

Ngiri akacheka mpaka bakuli likamdondoka. Chakula kinachojipika hajapata kukiona, wala babu yake hakupata kukiona. Bi Pimbi akamjibu kwa adabu kwamba mjomba huenda anasema kweli, na njia ya kujua ni kutazama tu. Kobe aitwe awe shahidi. Chungu kichemke kidogo, moto uzimwe, kisha wangoje hadi saa nane. Njugu zikibaki ngumu, Ngiri achukue chungu chote pamoja na mtungi. Zikiiva, ada ya moshi ikome katika nyumba zote za kilima.

Waliposikia mtungi umetajwa, watoto waliacha kuserereka. Ngiri naye akautazama mtungi, na mate yakamtoka, do, do, do. Akakubali. Kobe akayarudia maneno yao polepole, akayachora juu ya jiwe pamoja na tarehe.

Ngiri hakumwamini mtu. Moto aliuzima mwenyewe kwa maji: chwaaa. Akachukua njugu moja chunguni, akaing'ata: kach! Kipande cha jino kikaanguka chini.

"Mbichi," akasema kwa uchungu. "Kobe, andika. Mbichi."

Kobe akaandika.

Chungu kikafunikwa, kikatiwa kapuni, kikafukiwa nyasi. Sasa Ngiri akaingiwa na wasiwasi kwamba Pimbi atapenyeza kaa la moto. Akikaa upande huu, atapenyeza upande ule. Akikaa upande ule, atapenyeza huku. Bi Pimbi akamuuliza, kama mtu anayetaka kujua tu, iwapo mjomba si mzito mno kuweza kukaa juu ya kapu. Ngiri akakaa papo hapo.

Nyasi zikalia kwii. Bi Pimbi akashika kifua. Hakuwahi kujaribu kapu lenye ngiri juu yake, na chungu kile kilikuwa cha udongo. Kikipasuka, mtungi umekwenda, na mvua bado majuma matatu. Akatega sikio. Kwii nyingine, kisha kimya. Ule mvuke mwembamba uliozoea kutoroka pembeni mwa mkeka haukuonekana tena. Makalio mapana ya Ngiri yalikuwa yameziba kila upenyo. Chini yake palikuwa na joto zuri, na upepo wa kilima siku hiyo ulikuwa mkali. Ngiri akasinzia: khoro, khoro, khoro.

Saa nane kamili Kobe akamgusa, akamwambia kivuli kimefika kwenye mstari aliouchora wa kupimia saa.

Wakafunua. Ngiri akang'ata njugu kwa jino lililo zima, akijihadhari, nayo ikayeyuka ulimini. Akang'ata ya pili. Akang'ata ya tatu, hata Kobe akamkumbusha kwamba alialikwa kupima, si kula.

"Asubuhi moshi ulikuwepo," akasema Ngiri. "Zimeiva kwa moshi. Nusu ni yangu."

Kobe akainamia jiwe, akasoma: "Jumamosi, tarehe 14 Oktoba. Moto umezimwa. Mbichi. Maneno ya Ngiri, na jino lake lipo hapa."

Ngiri akakiokota kipande cha jino lake. Ada ilikuwa imekufa, naye alilijua hilo. Lakini jambo jingine lilimkereketa zaidi. Akamsogelea Bi Pimbi, akauliza kwa sauti ya chini: "Sasa aliyezipika ni nani?"

Bi Pimbi akalitazama kapu, kisha akamtazama yeye.

"Mjomba, sisi tuliziacha mbichi. Aliyekaa juu yake ni wewe."

Ngiri akafurahi kuliko alivyokasirika, kwa kuwa hajapata kupika maishani. Akakimbia nyumbani, akatia njugu mawe katika maji baridi, akashusha chungu shimoni mwake, akakikalia. Alikaa Jumapili, tarehe 15. Alikaa Jumatatu, tarehe 16. Mpaka leo ukimwona ngiri akiingia shimoni, huingia kinyumenyume, akitanguliza makalio taratibu, akipapasa kama njugu zimeanza kupata moto.

Wanaodai funzo, nalo ni hili: msijisumbue kuloweka, kufunika wala kukusanya nyasi kavu, hayo ni mambo ya mapimbi. Mkitaka kuni zenu zidumu, tafuteni mkubwa mmoja mzito, mumkalishe juu ya chungu, kisha mumsifu kwa upishi wake.

— Jivu limekwisha kuchokorwa.
— Nasi tumetazama.
— Mmeona nini?
— Kaa moja la moto.
— Lifukieni tena, msinunue kiberiti kesho.