Nyuma ya Gunia

Wapendwa, leo nimekuja na habari nzito, kwa hiyo nivumilieni. Alikuwepo mwanamume mmoja aliyependa karate kuliko chakula. Mnacheka? Chekeni sasa hivi, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Shida ya mtu huyu ilikuwa teke. Pumzi alikuwa nayo, moyo alikuwa nao, lakini akirusha mguu wake wa kulia, gunia la mazoezi linakwenda mpaka ukutani na kurudi kama pembea. Wenzake walishangilia. Mwalimu wake hakushangilia hata kidogo. Timu ya mkoa ilipotangazwa, jina lake halikutajwa, naye akamfuata mwalimu nje ya ukumbi huku machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, nimekosa nini? Hakuna anayelirusha gunia mbali kama mimi."

"Ndilo kosa lenyewe," mwalimu akamwambia. "Wewe unasukuma, hupigi. Teke likiwa zuri linaingia ndani, gunia linabaki palepale linatetemeka. Inua goti kwanza. Geuza kisigino cha mguu unaosimamia, zungusha nyonga, halafu mguu urudi upesi kuliko ulivyokwenda. Tundika gunia nyumbani kwako ujifue. Siku likiacha kuyumba, njoo nikuone. Na anayekushikia aweke viganja tu, basi."

Nyumbani kwake kulikuwa na chumba cha uani ambacho walikuwa hawajamaliza kukijenga. Akatundika humo gunia la katani, pana, limeshindiliwa matambara na mchanga. Na mshika gunia alikuwa nani? Nani mwingine ila mkewe, ndugu zangu! "Mama Atupele, njoo mara moja," naye mama wa watu anaacha uji jikoni, anasimama nyuma ya gunia, anaweka viganja vyake.

Mwanzoni gunia liliyumba vilevile. Mwanamume akarekebisha kisigino, akarekebisha nyonga, gunia likayumba. Alikuwa anakaa chini kwenye sakafu, chai hataki, mtoto akimsemesha hajibu. Asubuhi moja mkewe alimkuta analia humo chumbani, mtu mzima na ndevu zake. Alimtazama tu, akarudi jikoni.

Kesho yake akapiga teke, na gunia likabaki palepale.

"Umeona?" akapiga kelele. "Mama Atupele, umeona?"

"Nimeona, Baba Atupele." Sauti ilitoka nyuma ya gunia, ndogo.

Akapiga tena. Gunia likatulia. Jamani, furaha ya nyumba ile! Alikunywa chai, alimbeba mtoto mabegani, alimwimbia mkewe nyimbo za uchumba wao. Tangu hapo kila alfajiri anapiga, na gunia linatulia. Mwalimu alipokuja kushuhudia alisimama mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema sasa ametengenezeka, jina lake litaingia. Hakuna aliyezunguka kutazama upande wa pili. Shabaha ipo mbele, nyuma kuna nini cha kutazama?

Mkewe akaanza kutembea ameshika ukuta. Akaanza kulala ameketi, ameegemea mito.

"Baba Atupele," akasema siku moja, "kifua kinanibana. Leo tungepumzika."

"Mke wangu, tumeshafika mlangoni halafu tupumzike? Kidogo tu, tumalizie."

Mama akarudi nyuma ya gunia.

Wiki hiyohiyo wanaume wa kanisa walikuwa na kikao, wanazungumza habari za ndoa. Mtu wetu akasimama kifua mbele. "Mimi namshukuru Mungu," akasema, "tangu nimuoe mke wangu sijamgusa hata kwa kofi." Wakampigia makofi. Na hakuwa anasema uongo, wapendwa. Hilo ndilo linaloniumiza, alikuwa anaamini kila neno.

Mama Atupele akaanguka bombani, anatema damu. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akafungua vifungo vya blauzi yake. Kifua chote kilikuwa kimevilia damu, na juu ya ngozi zilionekana alama za nyuzi za katani, mstari kwa mstari, kama zimechapwa.

"Mama, uligongwa na gari?" daktari akauliza. "Mbavu zimevunjika. Nyingine zilivunjika zamani, zikaanza kuunga, zikavunjika tena."

Mumewe akazisogelea zile alama. Alizitambua. Akashika ukingo wa kitanda.

"Si ulikuwa unaweka viganja tu?"

"Lilikuwa linayumba," mkewe akasema, anavuta pumzi moja kwa kila neno. "Na wewe ulikuwa unalia. Nikaona nilikumbatie."

Hakuivuka wiki ile.

Wakazika. Matanga yakaisha, ndugu wakaondoka, mtoto akachukuliwa na bibi yake. Yule mwanamume akabaki peke yake na nyumba. Akaingia chumba cha uani, na kwa uchungu aliokuwa nao akalipiga lile gunia kwa ufundi wote aliojifunza: goti, kisigino, nyonga, mguu ukarudi upesi. Gunia likaenda mpaka ukutani. Likarudi, likamsukuma begani, akaanguka.

Lilikwenda vilevile kama siku ya kwanza. Teke lake halikuwa limeongezeka kitu. Ule utulivu wote aliousherehekea haukuwa wa mguu wake hata siku moja, ulikuwa wa mbavu za mkewe.

Sasa ndugu zangu, mbona mmenyamaza? Mnataka niwaambie Mungu alimfariji? Mungu anasamehe, hilo nalihubiri na ninaliamini, lakini mke hakurudi. Mtu huyo anazeeka na swali lake, kwa nini hakuzunguka siku ile alipoambiwa kifua kinabana.

Tujitazame sisi. Sisi tunaosema, nyumbani kwangu kuna amani, tangu niokoke hasira zangu zimepungua, watoto wangu hawana shida. Una uhakika hasira zimepungua, baba? Au kuna mtu amezikumbatia ili zisiyumbishe nyumba? Wewe mama unayesimamia wasichana wa kazi na kusema umejaliwa wasichana wapole, ni wapole, au wanazipokea tu hasira zako kwa kifua? Na mimi mchungaji wenu ninayesifiwa kwamba kanisa hili halina ugomvi, ni nani kati yenu anayelala ameketi kwa sababu yangu? Tunahesabu utulivu wa wengine kuwa ni ukomavu wetu, tunasimama mbele za watu kifua mbele kutoa ushuhuda, wala hatusemi uongo. Hatujazunguka tu.

Leo sitaomba tuimbe. Nendeni nyumbani. Yule anayekushikia gunia, muulize kifua chake kikoje. Atakwambia ni kizima, maana anakupenda na hataki ulie tena. Usiishie hapo. Zunguka nyuma ukaone mwenyewe, maadamu angali amesimama.