Santuri ya Watu Wawili

Wapendwa, leo nawapa habari ya mpima ardhi mmoja aliyependa muziki ambao wengi wenu hapa mngeuzima kabla haujafika popote. Ni roki, lakini si ile ya kurukaruka. Wenyewe huiita progresivu roki. Wimbo mmoja unaweza kula upande mzima wa santuri, dakika ishirini na ushee. Unaanza na kinanda kama cha kanisani, ngoma zinabadili mwendo mara saba, gitaa linapotea, na ukidhani umekwisha, ndiyo kwanza mwimbaji anafungua kinywa. Msicheke. Kila mtu ana ugonjwa wake.

Mpima ardhi huyu alikuwa na santuri zaidi ya mia mbili, amezisimamisha kabatini kama vitabu, kila moja na mfuko wake wa nailoni. Katika mji wao, aliyeuelewa muziki huo pamoja naye alikuwa mtu mmoja tu, mwalimu wa fizikia. Jumamosi mchana ungewakuta sebuleni kwa mwalimu, kimya, mmoja ameinua kidole: sikia hapo. Mwingine anatikisa kichwa. Basi, wameshaongea.

Padre mmoja mgeni alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao, aliwaita wote wawili akawapa santuri waliyokuwa wakiisoma tu magazetini. Akawaambia, "Ni yenu wawili. Msije mkaikata vipande." Wakacheka. Wakaisikiliza Jumamosi ile, mara moja, pande zote mbili. Mpima ardhi akaomba akae nayo wiki moja.

Wiki ikawa mwezi. Mwalimu akamuuliza, "Kaka, santuri yetu vipi?"

Na mpima ardhi, bila hata kupanga, akajikuta amesema, "Nisamehe, mwalimu. Tulipohama nyumba iliangukiwa na sanduku. Imevunjika."

Mwalimu akamshika bega. "Pole, kaka. Usijisumbue. Ni kitu tu."

Mnaona? Aliyeibiwa ndiye aliyempa pole mwizi.

Miaka kumi na tisa santuri ile ilikaa nyuma ya kabati. Mpima ardhi aliisikiliza kwa hedifoni, mlango kaufunga kwa ufunguo, jirani asije akasikia. Kinanda kilipopanda, mwili ulimsisimka, akageuka amtazame mtu, na chumbani hamna mtu. Umewahi kupenda kitu usichoweza kumwonyesha mtu yeyote? Ikafika mahali hata Jumamosi za mwalimu akazikwepa. Mara kazi zimembana, mara ana mgeni. Uso wa rafiki yake ulikuwa umeanza kumuuma.

Kisha mwalimu akapata kifua kikuu, kile sugu. Akachomwa sindano miezi mingi. Kifua kikapona. Siku moja mkewe alikutana na mpima ardhi sokoni, akamwambia, "Shemeji, masikio ya mwenzako yanaondoka. Daktari alituonya kwamba dawa ile inaweza kuleta hivyo. Kama kuna santuri mnataka kusikiliza, njoo wiki hii."

Alikwenda nyumbani mbio. Akaitoa, akaifuta vumbi. Halafu akaanza kujiuliza atasema nini. Akasema kesho. Kesho akasema Jumamosi. Alipobisha hodi kwa mwalimu, ilikuwa wiki ya tano.

"Umechelewa, shemeji," mama yule alisema pale mlangoni. "Tangu Jumatatu hasikii kabisa. Tunamwandikia." Akampa daftari na kalamu.

Mpima ardhi akaiweka santuri mapajani pa rafiki yake. Akaandika: *Haikuvunjika. Nilikudanganya.*

Mwalimu akasoma. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiojisikia, "Nilijua! Harusi ya binti yangu, miaka kumi na miwili imepita, ulikuwa unapanga viti huku unapiga mluzi. Ulipiga upande wote wa pili, na zile kona zake zote, hukusita hata mara moja. Hakuna mtu anayeweza kuyashika yale kwa kusikia mara moja."

*Mbona hukuniuliza?*

"Ningekuuliza ningepata santuri. Mimi nilitaka uje wewe."

Mpima ardhi akalia. Mwalimu akamwacha alie, kisha akasema, "Iweke."

Ikazunguka. Mwalimu ameikodolea macho. Baada ya muda akauliza, "Imefika wapi?" Mpima ardhi akafungua mdomo, akakumbuka, akachukua kalamu. Akaandika: *Kinanda kinapanda.* Alipomaliza kuandika, kinanda kilikuwa kimeshapita.

Ndugu zangu, msamaha ulikuwapo ndani ya nyumba ile miaka kumi na miwili. Ulikuwa tayari. Aliyekosekana ni mtu wa kuja kuuchukua.

Na sisi je? Sisi tunasema, Mungu ni mwenye rehema, nitatubu tu. Ni kweli, na wala sitakutisha. Mungu anaweza kukupokea hata saa ya mwisho. Lakini ni wapi alipokuahidi kwamba masikio ya mwenzako yatakusubiri? Mpima ardhi alisamehewa, wapendwa. Alisamehewa kabisa. Ila zile Jumamosi hakurudishiwa.

Wapo humu ndani wanaojua namsema nani, na mimi mwenyewe nimo. Tuna watu tuliowadanganya, wakatuamini, wakatupa na pole. Ibada ikiisha, usipange foleni kuja kunishika mkono mimi. Mkono wangu utaukuta Jumapili ijayo. Pita mlango wa pembeni, uende kwa mtu wako angali anasikia.