Daraja Lililolia Usiku

"Uuuuu!" Daraja la mbao lililia usiku wa manane, kijiji kizima kikatoka nje. Mwaka mzima Mhandisi Sekela alikuwa akiwaeleza kwamba mbao zimeoza, nao wakipiga miayo. Diwani Mwasomola alitaka fedha za daraja zijenge ukuta wa ofisi yake.

"Upepo tu huo," alisema diwani. "Daraja hili imara kama chuma!"

Atupele, mama mwenye mtoto mgongoni, alisogea mbele. "Mheshimiwa, mimi mwoga jamani, na asubuhi nampeleka mtoto kliniki ng'ambo. Hebu tangulia, tukufuate."

"Tangulia, Mheshimiwa!" watu wakadakia.

Daraja likalia tena. Diwani alinyanyua mguu, akaurudisha. "Mhandisi, unaanza kujenga lini?"

"Na ukuta?" aliuliza Sekela.

"Ukuta wa nini? Daraja kwanza!"

Watu walipotawanyika, Sekela alichungulia chini ya daraja. Chupa tupu za dawa ya mtoto zilining'inia, midomo upeponi, zimefungwa kwa vipande vya kanga ileile iliyombeba mtoto wa Atupele.

"Mama, si zako hizi?" alimuuliza Atupele, aliyekuwa amebaki nyuma.

"Nisamehe, dada! Niliogopa, mbao zile, mtoto huyu, na wewe hakuna anayekusikiliza..."

"Kijiji cha pili nacho daraja lake limeoza, na nikiwaeleza wanapiga miayo," Sekela alinong'ona. "Nifundishe kuzifunga, nami naapa simwambii mtu mwingine."